Mama Mwenyekiti wa Hurlingham

Nashon alikuwa fundi wa kofia. Katika duka la Mgiriki mmoja karibu na Government Road alikuwa akitengeneza kofia za Wazungu, hasa zile za kwendea mbio za farasi, na kazi hiyo aliipenda. Uhuru ulipokuja, vichwa vilivyozivaa vikaanza kupanda ndege kimoja kimoja. Mwaka 1968 Mgiriki naye akafunga duka. Kiinua mgongo alichompa Nashon kilikuwa kofia ya kike yenye manyoya ya mbuni.

Nyumbani alikuwako Namalwa. Wawili hao walianza kukaa pamoja mwaka 1965, bila pete wala ng'ombe, kama watu wengi wa mji waliokuwa wakisema tutafanya harusi mambo yakitulia. Namalwa alikuwa mpiga chapa katika kampuni moja ya bima mjini, mwanamke mwenye vidole vyepesi na maneno machache. Nashon alitafuta kazi akakosa, na kwa kuwa yaya alikuwa ametoroka na redio, akabaki na watoto wao wawili. Akajifunza kupika, kufua nepi na kumsuka binti nywele. Mwaka 1971 Namalwa akafanywa mkuu wa wapiga chapa wote, wakahamia nyumba ya baraza la jiji huko Woodley.

Cheo hicho kilikuwa na desturi yake. Jumamosi moja ya kila mwezi, wake wa wakuu wa idara walikutana katika ukumbi mdogo Hurlingham, wakanywa chai na kufundishwa mambo ya nyumba na mke wa meneja, mama Mwingereza. Meneja akamwita Namalwa ofisini.

"Jumamosi mke wako aje," alisema.

"Sina mke, bwana. Niko na Nashon."

Meneja hakuwa mtu wa kuvuruga utaratibu. "Basi Nashon aje," akasema.

Nashon alikwenda, amevaa suti yake ya kahawia. Somo la siku hiyo lilikuwa namna ya kumpokea mume arudipo kazini amechoka. Wanawake walimtazama, wakatazamana. Mke wa meneja akafundisha kana kwamba haoni kitu. Mwishoni akauliza kama kuna mwenye swali, na Nashon akainua mkono.

"Mimi wangu akirudi anakaa kimya tu," alisema. "Nikimuuliza, anasema hakuna kitu. Chakula anakula nusu. Nifanye nini?"

Munyiva, mke wa mkuu wa madai, akapumua kwa nguvu. "Hata wangu," alisema. "Hata wangu ni hivyo hivyo." Mwanasha, mwenyeji wa Lamu aliyeolewa na Twahir wa hesabu, akasogeza kiti karibu na cha Nashon. "Usimuulize, ndugu yangu," alimwambia. "Mwache ale, umtilie chai, ukae hapo alipo. Atasema mwenyewe." Nashon akajaribu jioni ile. Kabla chai haijapoa, Namalwa alikuwa amemweleza jinsi wapiga chapa wawili walivyokataa kutumwa na mwanamke. Tangu hapo hakukosa Jumamosi hata moja.

Hakuwa na kipaji cha pekee. Keki yake ya kwanza ilibonyea katikati. Lakini alisikiliza, na siri ya mtu hakuitoa nje. Kwa hiyo mwaka wa pili, uchaguzi wa chama cha wake hao ulipofika, na wafuasi wa mama Kihara, mke wa mkuu mwingine wa idara, walipokataa katakata kumpigia kura Munyiva, na wa Munyiva wakakataa vivyo hivyo, pande zote zikamchagua Nashon. Hapo ukazuka ubishi mwingine. Katiba ya chama ilisema kiongozi ataitwa Mama Mwenyekiti, na kubadilisha katiba kulihitaji mkutano wa mwaka. Nashon akasema jina halimdhuru. Akaitwa Mama Mwenyekiti.

Halikumdhuru mpaka lilipofika Mutuini, kwa baba yake Namalwa. Mzee Sifuna alikuwa amestaafu kazi ya reli, amepanga nyumba huko na kulima vitunguu. Alifika Woodley asubuhi, akamkuta Nashon anaanua nguo.

"Nasikia wewe ni mama wa watu," alisema mzee.

"Ni cheo tu, baba."

"Mimi mtoto wangu nilimpa mwanamume, ama nilimpa mama?"

Nashon akakunja shuka kwanza. "Kusema kweli, baba, hukunipa. Tulikaa tu."

Mzee Sifuna akaketi kwenye beseni lililopinduliwa. Jambo hilo, alisema, ndilo lililokuwa likimuuma miaka yote, na leo limetajwa. Akatoa amri: Nashon alete watu wake Mutuini, wamwombe binti kwa heshima, ama binti arudi nyumbani.

Nashon akaenda Makongeni kwa kaka yake, Isaiah. Isaiah alikataa. "Nisimame mbele ya wazee wa watu, nimwombee mke mtu anayeitwa Mama? Niseme nini?" Binamu zake nao walipata matanga na homa siku ile ile ya kwenda. Nashon akalieleza jambo hilo kwenye chai ya Jumamosi, wala hakuwa akiomba msaada.

"Basi tutakwenda sisi," alisema Mwanasha. "Sisi si watu wako?"

Wakaenda, Nashon katikati, wao wote na vitambaa vya chama vya buluu kichwani, Mwanasha amebeba sinia la haluwa aliyonunua mjini. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa sebuleni kwa Mzee Sifuna wakisubiri wanaume. Mmoja akachungulia nyuma ya wanawake, akauliza wenyewe wako wapi.

"Ndio sisi," alisema Munyiva. "Na kijana wetu huyu hapa."

Wazee walikuwa wamezoea upande wa binti kumsifu binti, kisha kuulizwa ng'ombe. Sasa akina mama wakaanza kumsifu Nashon: hainui sauti, anapiga pasi bila kuunguza kola, watoto wake hawajawahi kwenda shule na pua chafu. Mama Kihara akaongeza kuwa ni mtu wa kuamka mapema. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mwenye umri mkubwa kuliko wote, ambaye alikuwa ameozesha mabinti wengi na hilo swali alikuwa akilisikia tangu ujana, akauliza, "Sasa mnataka ng'ombe wangapi?"

Munyiva akataja idadi bila kupepesa macho. Mzee Sifuna akaruka. Huo ni wizi, alisema, kijana mwenyewe hana hata kazi. Mama Kihara akajibu kuwa si rahisi kulea kijana wa namna hii. Wakavutana mpaka jua likapita paa, mzee akipunguza, wao wakipandisha, na mwishowe akawashusha hadi nusu, akajipangusa jasho kwa furaha ya mshindi.

Namalwa akaingia na birika. Alikuwa amesikiliza jikoni. "Baba," alisema, "ni nani anamlipa nani?"

Mzee Sifuna alihesabu kwa vidole, akarudia. Nashon aliona aibu kwa niaba ya kila mtu, akainuka kumimina chai. Wazee wakatoka nje kushauriana. Waliporudi walisema idadi iliyotajwa imetajwa mbele ya mashahidi na haiwezi kurudi. Kwa hiyo ukoo utatoa hao ng'ombe kwa sababu ya Nashon, na Nashon atatoa hao hao kwa sababu ya Namalwa. Ng'ombe wasisumbuliwe. Akachinjwa kuku, na harusi ikafungwa kanisani kabla ya Krismasi.

Mwaka 1975 Nashon alipata kazi ya upishi katika shule moja ya watoto. Katiba haikusema lolote juu ya mke aliyeajiriwa, akaendelea na uongozi. Lakini wengine walimwona, wakamfuata. Munyiva akaajiriwa kwenye duka la vitambaa, mama Kihara akafungua saluni, Mwanasha akaanza kufundisha watoto Kurani, na hao wote walikuwa na kazi Jumamosi. Ukumbi ukabaki mtupu. Mke wa meneja akalalamika kwa mumewe, naye akaagiza kila nyumba itoe mtu.

Hivyo Jumamosi iliyofuata waume zao, Kihara, Twahir na mkuu wa madai walikaa kwenye viti vya Hurlingham, vikombe magotini, hawajui pa kutazama. Nashon, aliyeomba ruhusa shuleni, alisimama mbele yao akawakaribisha. Somo lilikuwa uji wa mtoto anayeota meno.

"Kuna mwenye swali?" aliuliza.

Twahir akainua mkono nusu, akaushusha, akauinua tena.