Mara Tatu Mbele ya Mashine ya Picha

Masaki ya Kisarawe, msimu wa korosho, ilinuka mafuta yanayoungua. Ganda la korosho likitiwa moto hutoa moshi mzito unaowasha macho na kung'ang'ania nguo, na wanawake wa kwetu, waliozikaanga nyuma ya nyumba, walikaa upande unakotoka upepo, wamegeuza nyuso, wakizungumza bila kutazamana. Nataka kwanza niyaeleze mambo yalivyokuwa kabla ya lolote kutokea, kwa sababu kisa hiki kimesimuliwa sana na watu wanaoanzia katikati, na anayeanzia katikati humpa lawama yule aliye karibu naye. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya hamsini, enzi ya Mwingereza. Nilikuwa na miaka tisa. Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, yenye vyumba vitatu. Nyuma yake palikuwa na shamba la mihogo, na baada ya mihogo, mikorosho. Waliokaa humo walikuwa wanne: baba yangu Salumu, mama yangu Mwanaidi, bibi mzaa baba, na mimi. Ndugu wa mama alikuwa mmoja tu, mjomba Shomari, aliyeishi Soga kando ya reli, mwendo wa siku nzima kwa miguu.

Baba alikuwa mkulima kama wanaume wote wa pale, lakini alikuwa na kodiani, kinanda cha kuvutwa na kubanwa kwa mikono. Aliinunua kuukuu mjini, akazibandika nyufa za mifuko yake kwa ngozi ya mbuzi na gundi, na harufu ya gundi ile haikutoka kamwe. Kwa kodiani hiyo alialikwa harusini kuanzia Masaki hadi Mlandizi. Nyimbo alizitunga mwenyewe, na hakuna wimbo uliotoka nyumbani kabla ya kupita kwa mama. Mama alikuwa akikuna nazi, baba amekaa kwenye kinu kilicholazwa, anaimba ubeti; mama hainui uso, anasema, "Hapo umerudia la juzi," au, "Hilo la mwisho halina haya, liondoe." Baba huliondoa. Sijapata kuona, katika miaka mingi niliyokaa na wasomi, hakimu wa maneno aliyesikilizwa kwa utii kama ule.

Watu wa sinema walimpata kwa sababu ya sauti. Walikuja na lori kutafuta mtu wa kuigiza katika picha za serikali, zile zilizozungushwa vijijini kwa gari ili tufundishwe kuchimba vyoo na kung'oa mihogo yenye ugonjwa. Wengi waliojaribiwa walisimama wima mbele ya mashine kama wanaohesabiwa kodi. Baba hakusimama hivyo. Alitembea, akakuna kichwa, akacheka, na Mzungu mwenye mashine akamtaka. Katika mwaka mmoja na nusu aliigiza picha mbili, moja ya choo na moja ya mihogo, na katika ya pili aliimba na kodiani yake. Wimbo huo ulipigwa baadaye katika redio ya Dar es Salaam, na watu wa kwetu waliuita wimbo wa Salumu ingawa redio haikutaja jina la mtu. Alijifunza uigizaji kama alivyojifunza kodiani, kwa kurudia, na alijivunia kurudia huko. Alituambia kwamba mashine haikubali kazi nusu. Jambo likiharibika kidogo, mnaanza tena tangu mwanzo.

Picha ya tatu ilihusu mkulima anayetekwa na anasa za mjini, anamwacha mkewe na shamba lake, kisha anarudi akiwa hana kitu. Walipiga sehemu ya kuachana wakati wa kipupwe, katika uwanja wa jirani yetu, na mimi nilikuwapo, nimekaa juu ya mtumba wa makopa, mihogo iliyokaushwa. Aliyeigiza mke alikuwa mwanamke kutoka Dar es Salaam, amekuja na viatu vya visigino, na kwa kuwa hakuwa na kanga za shamba, mama alimwazima zake kabla ya kwenda kupalilia. Naliandika hili la kanga kwa sababu baadaye lilitajwa kama ushahidi. Baba alipaswa kusema maneno machache tu: amwite mkewe kwa jina, aseme amemwacha, achukue kofia, aondoke. Kumbe waliotunga picha ile hawakumpa mke jina. Katika karatasi zao aliandikwa mke wa mkulima, basi. Baba alimwuliza karani aliyekuwa akitafsiri, "Nimwite nani?" Karani, bila kuinua macho, alijibu, "Mwite yeyote, bwana. Taja jina linalokuja mdomoni." Mdomoni mwa baba lilikuwapo jina moja tu la mwanamke, alilolitamka kila siku kwa miaka kumi na moja. Mashine ikaanza kunguruma, naye akasema, "Mwanaidi, nimekuacha." Wingu likafunika jua. Wakarudia. Mbuzi wa jirani akapita kati yao na mashine. Wakarudia tena, na safari hii Mzungu akasema vema. Jioni baba alirudi nyumbani, akala ugali wa muhogo na kisamvu alichopika mama, akamsimulia habari ya yule mbuzi, wakacheka wote wawili hadi bibi akawauliza wamepatwa na nini.

Gari la sinema lilifika Masaki mnamo Novemba. Kitambaa cheupe kilitandazwa kati ya miti miwili mara baada ya magharibi, na kijiji kizima kilikaa chini. Baba alipoonekana, watu walipiga vigelegele. Aliposema maneno yale palizuka kicheko kikubwa. Mtani wetu mmoja wa Kinyamwezi, mkata mkonge aliyeishi nasi muda mrefu, ndiye aliyeanza. "Salumu," alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "umemwacha shemeji mbele ya serikali nzima. Kesho naleta posa."

Mama, aliyekuwa kati ya wanawake, akamjibu, "Leta, lakini kaoge kwanza. Katani imekuota mpaka masikioni."

Watu walicheka tena. Hivyo ndivyo utani ulivyo kwetu: mtani ana ruhusa ya kusema lisilosemeka, na likishasemwa linakwisha. Hili halikuisha. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alimwita baba barazani kwake pamoja na wanaume kama kumi. Jina lake silitaji, kwa kuwa wajukuu wake hawana kosa. Alikuwa mtu msafi, mwenye sauti ya upole, aliyenifundisha herufi zangu za kwanza. Kama alikuwa na kinyongo kwa ajili ya kodiani, sina ushahidi wa nia yake na sitambunia. Nawaeleza yaliyosemwa, kwa sababu bibi yangu alikwenda kukaa nyuma ya kiambaza, nami nilikwenda naye.

Mwalimu alieleza kwamba yako mambo ambayo mzaha wake ni kama kweli yake, na talaka ni mojawapo. Hapo alisema sawa. Kisha akauliza, "Salumu, uliyemtaja ni nani?"

"Mwanaidi."

"Na kanga alizovaa yule mwanamke ni za nani?"

"Za Mwanaidi. Aliazimwa."

Watu waliguna. Mwalimu akasema kwamba talaka moja si mwisho wa nyumba. Eda imekwisha kupita, basi ifungwe ndoa upya kwa mahari mapya, na jambo limetengenea. Nilisikia bibi akishusha pumzi. Lakini mzee mmoja, ambaye hakuwa na shida yoyote na sisi, ambaye pengine alitaka tu kuonyesha kwamba anaijua kazi ya sinema, alisema, "Tumesikia picha hizi hurudiwa. Salumu mwenyewe husema. Hii mlirudia?"

Bibi aliweka mdomo kwenye kiambaza na kunong'ona, "Moja, mwanangu. Sema moja." Hakuna aliyemsikia ila mimi. Baba angeweza kunyamaza. Angeweza kusema kwamba yaliyoonekana kwenye kitambaa ni mara moja, na hilo lingekuwa kweli. Alijibu kama fundi anayeulizwa juu ya kazi yake. Alieleza mara ya kwanza na lile wingu, mara ya pili na yule mbuzi, mara ya tatu iliyokubaliwa. Alieleza vizuri, kwa mikono, hata wawili watatu wakatabasamu. Alipomaliza, mwalimu alikuwa amenyoosha vidole vitatu juu ya goti lake.

"Basi hana njia ya kurudi kwako," alisema, "mpaka aolewe na mume mwingine, na mume huyo amwache kwa hiari yake. Na hii miezi mliyokaa pamoja, muombe msamaha kwa Mungu."

Nimemkasirikia baba kwa jibu lile zaidi ya miaka sitini. Nimemkasirikia mzee aliyeuliza, na karani asiyeinua macho, na Wazungu waliojua gharama ya kila futi ya utepe wao lakini hawakuona haja ya kumpa mwanamke jina. Hasira hiyo haikupungua nilipokua na kusoma. Iliongezeka, kwa sababu sasa nilijua. Niliisoma fiqhi ya madhehebu yetu kwa masheikh waliokuwa na subira na mwanafunzi wa kike, sura ya talaka nikaisoma neno kwa neno. Hukumu ya mzaha imo. Lakini katika sura hiyo hiyo imo hukumu ya anayesimulia maneno ya mwingine, na ya mwalimu anayeyatamka anapofundisha: huyo hajaacha mke, kwa sababu hakuyakusudia maneno kuwa yake. Mwenye mzaha hucheza na maneno yake mwenyewe. Mwigizaji husema ya mtu mwingine. Najua pingamizi litakalotolewa, kwamba jina lilikuwa la mkewe wa kweli. Nimelipima. Aliyesimama mbele yake alikuwa mwanamke mwingine, mkewe alikuwa shambani, maneno yalikuwa yameandikwa na wengine, na kila aliyekuwapo alijua hivyo. Na lau kungekuwa na shaka, nyumba iliyothibiti kwa yakini haibomolewi kwa shaka. Mwalimu wetu alikuwa amefika kwenye mstari mmoja wa sura ile akasimama hapo, na kwa sababu hakuna mwingine Masaki aliyejua kusoma kitabu kile, mstari mmoja ukawa sheria yote.

Mama alipoambiwa alikuwa anamenya mihogo. Hakuacha kumenya. "Siku aliyoniacha," alisema, "alirudi akala kwangu. Mimi nilikuwa napalilia. Mtu anaachwaje naye hayupo?" Bibi alijaribu kumfariji kwa jambo ambalo wanaume walikuwa wamekwisha kulizungumza: apatikane mtu mzima wa kuaminika, amwoe kwa jina tu, amwache, arudi kwa Salumu. Mama aliweka kisu chini. "Mama," alimwambia mkwewe kwa adabu, "mimi si jembe la kuazimwa. Kama nimeachwa, nimeachwa. Na kama sikuachwa, aje aseme yeye, mbele yao, kama alivyosema mbele ya mashine."

Hilo ndilo lililokuwa limebaki: baba aende barazani aseme kwamba haikubali hukumu ile. Mama alimsubiri siku nne. Alipika, akaweka chakula mlangoni, kwa sababu baba alikuwa amehamia chumba cha nje. Siku ya pili nilimkuta baba ameshika kodiani mapajani bila kuifungua. Nilimwambia mama anamngoja. Akanijibu, "Mama yangu," kwa maana ndivyo alivyoniita, mimi nikiwa na jina la mama yake, "nitabishana vipi na kitabu nisichokijua?" Siku ya tano mjomba Shomari alifika kutoka Soga. Aliamkiwa, akaitikia, akanywa maji, akasema, "Nimekuja kumchukua dada yangu akae kwangu. Sina neno na mtu." Mama alifunga nguo zake katika kanga moja. Baba alitoka nje, akasimama karibu na jamvi la makopa. Alifungua mdomo. Mtu ambaye sauti yake ilisikika katika redio ya Dar es Salaam alisimama pale akiwa amefungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Mama alimtazama muda wa kutosha kwa mtu yeyote kusema sentensi moja. Kisha akaondoka na mjomba.

Siku hizi Masaki ina umeme, na katika nyumba nyingi kuna televisheni. Waigizaji wa tamthilia, vijana ambao pia hutoa nyimbo, huoa jioni na kutoa talaka jioni inayofuata, kwa sauti kubwa na machozi, na mashabiki huwasimamisha barabarani kupiga nao picha. Nimekaa sebuleni na wanafunzi wa chuo wa sasa, na mwalimu wao kati yao, wakitazama mume akimtaliki mke kwa talaka tatu. Mwalimu aliomba sauti iongezwe. Hakuna aliyeuliza walirudia mara ngapi. Hukumu haikubadilika, na kitabu ni kile kile. Kilichobadilika ni kwamba watu wamezoea. Ndoa ya wazazi wangu ilivunjwa na watu ambao walikuwa hawajazoea.

Mama aliolewa Soga kabla ya masika, na mfanyakazi wa reli, akazaa naye watoto watatu. Mume huyo hakumwacha. Baba aliigiza picha mbili nyingine, kisha akaiuza kodiani na kulima mihogo mpaka alipokufa. Hakuoa tena.