Maneno Aliyoyaruka

Kila siku, kabla mteja hajatia sahihi, Wakili humsomea karatasi nzima kwa sauti, mpaka jina la kiwanda cha uchapaji lililojificha chini pembeni. Makarani wa mahakama ya mji ule mdogo wamembandika jina: Bwana Soma Tena.

"Wakili, nimeacha mgonjwa nyumbani," mama mmoja alimlalamikia asubuhi hiyo. "Au unataka kunisomea na rangi ya karatasi?"

"Vumilia, mama. Imebaki aya moja."

Hajawahi kumwambia mtu alikoitoa tabia hiyo. Alipokuwa darasa la tano, tajiri mmoja alimletea baba yake karatasi, akasema anakodi shamba kwa misimu miwili. Baba hakujua kusoma, akamwita mwanawe. Mtoto alisoma kwa mbwembwe, na kila neno gumu akaliruka, asije akaonekana hajui. Baba akaweka dole gumba, kifua mbele. Misimu miwili ilipokwisha ndipo walipoambiwa kwamba shamba liliuzwa. Mauzo yalikuwa ndani ya maneno yaliyorukwa.

Majirani walimshauri mzee atafute wakili upesi.

"Wa nini?" alisema. "Wakili wangu yuko shuleni, anapikwa."

Akauza ng'ombe, akangoja. Kijana alisoma, akakosa ada mwaka mzima, akarudi tena darasani. Mwaka wa mwisho ndipo mwalimu alipofundisha kwamba madai ya ardhi yana ukomo wake: miaka kumi na miwili, basi. Kijana alihesabu kwa vidole chini ya meza. Akarudia. Kisha akafunga daftari.

Tangu kijana aapishwe kuwa wakili, mzee akimuuliza habari za kesi yao, jibu ni lile lile: "Imetajwa tu, baba. Wameahirisha."

Sasa mzee amelazwa, na madaktari wameacha kumtajia siku ya kutoka. Amemwagiza mjukuu wake, binti anayechapa barua ofisini kwa Wakili, mjomba wake, ampelekee namba ya jalada. Anataka kujua kama atazikwa shambani kwake. Binti alipekua kabati droo kwa droo, vumbi likampigisha chafya. Yule mama alipoondoka, akaenda kusimama mbele ya meza.

"Mjomba, kesi ya babu uliwahi kuifungua?"

Wakili alivua miwani, akaiweka juu ya mafaili ya watu wengine.

"Hapana," alisema. "Nilichelewa miezi minne."