Siku ya Meli Niliitaja Mimi, Lawama Kabeba Mkwe Wangu

Admin, nifichie jina, na ya humu ndani nimeyabadilisha. Mimi ni mama wa miaka hamsini na nane, mzaliwa wa Tanga, naishi La Rochelle hapa Johannesburg. Nililetwa na marehemu mume wangu, Msauzi aliyeishi uhamishoni kwetu Tanzania wakati wa harakati za ukombozi. Mungu alitujalia mtoto mmoja tu, nitamwita Themba. Alikwenda kusoma Marekani, akachukua uraia, na leo ni rubani wa ndege za kivita, zile zinazoruka na kutua juu ya meli katikati ya bahari. Vita hivi mnavyoviona kwenye taarifa ya habari, mwanangu yumo.

Mke wake, Nomvula, ni binti wa Soweto. Meli ilipoondoka alikuwa mjamzito, akaja kujifungulia kwangu. Mtoto ameshaanza kucheka, lakini baba yake hajawahi kumshika. Nomvula ndiye aliyenifundisha masharti ya wake wa marubani. Kwanza, siku na mahali meli inapokwenda hapatajwi kwa mtu yeyote. Pili, mume akiwa vitani hapelekewi habari mbaya. Geyser ya maji moto ipasuke, mtoto augue, unamwambia tuko salama, kwa sababu usiku huo huo anatakiwa kutua juu ya meli inayoyumba, na akili ikihama kidogo tu amekwisha. "Sisi tunalilia bafuni, Ma," aliniambia huku anacheka.

Siku moja aliniita chumbani kwake akafunga mlango. Meli ingetia nanga Jumamosi kwenye bandari fulani, na wake walikuwa wameruhusiwa kwenda kuwaona waume zao. Tiketi alikuwa nayo. "Hata mama yangu mzazi sijamwambia," akasema. "Lakini huyu ni mwanao, siwezi kukuficha."

Jamani, mimi nina kikundi cha kisomo, kina mama wa Kitanzania tunaokutana kila Alhamisi. Na kwetu dua haiombwi kwa mafumbo. Unamtaja mtu, unaitaja haja, unaitaja siku, wenzio waitikie amina wakijua wanaitikia nini. Nikarekodi sauti WhatsApp: mwombeeni Themba wangu, Jumamosi meli yao inaingia bandari fulani, afike salama amwone mwanawe. Amina zikamiminika. Nililala usingizi mzuri sana siku ile.

Sijui nani aliipeleka kundi jingine. Kufika Ijumaa asubuhi maneno yangu yalikuwa Facebook, yamegeuzwa Kiingereza: tumwombee rubani wetu wa Johannesburg, meli yao inaingia mahali fulani Jumamosi. Watu wanaweka emoji za mikono ya dua. Jioni meli ikafutiwa kituo. Nomvula alipata ujumbe huo akiwa anakunja nguo za mtoto kwenye begi. Mke wa rubani aliyeko Johannesburg ni mmoja tu. Wenzake wote walikosa kuwaona waume zao, na hawakumwuliza kitu, walimtoa kwenye kundi lao. Kwenye kundi hilo ndiko walikokuwa wakipata habari meli ikikaa kimya.

Themba alipopiga simu nilimsikia mpaka sebuleni. "Nilikuambia wewe peke yako! Wakubwa wangu wameniuliza, ningewajibu nini?" Nomvula analia, anaapa. Hakunitaja. Wallahi hakunitaja. Baadaye akaja kukaa kitandani kwangu, akasema, "Eish, Ma, labda ni mimi. Labda nilijisahau saluni, nikaropoka huku nasukwa." Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Nikamjibu, "Labda, mwanangu. Saluni zina masikio."

Maneno hayo ndiyo yanayoninyima raha kuliko hata ile sauti. Ile sauti niliituma kwa ujinga. Haya niliyasema kwa akili zangu timamu. Msusi wake ni dada wa Kikongo pale Rosettenville, walikuwa marafiki wakubwa, siku hizi Nomvula hapokei hata simu yake. Kichwa hakijasukwa tangu siku ile. Anamnyonyesha mtoto huku macho yako getini, gari likisimama tu anashtuka, maana jeshini habari ya kifo huletwa mlangoni.

Na mimi nimejificha nyuma ya sharti lile la pili. Nilijiambia Themba asiambiwe, yuko vitani, atavurugika atue vibaya. Ni kweli yanaweza kutokea. Lakini ni kweli pia kwamba naogopa mwanangu asinichukie, na sijui ni lipi linalonifunga mdomo.

Jana kapiga tena, kwenye simu yangu. Siku hizi kwa mkewe anatuma salamu za juu juu tu. Akaniambia, "Mama, tumepangiwa bandari nyingine." Akanitajia mahali, akanitajia na siku. "Usimwambie Nomvula. Vita ikiisha mimi na yeye tutakaa tuongee, sioni kama tutaendelea. Nimekuambia wewe kwa sababu najua wewe husemi." Nomvula alikuwa anamwogesha mtoto. Akatoka na taulo begani, akauliza anasemaje. Nikasema anasalimia. Akatabasamu, akanishukuru kwa Kizulu chake, "Ngiyabonga, Ma. Afadhali ana wewe wa kuongea naye."

Matusi yenu nayapokea, nimeshajitukana vya kutosha. Ila mwenye hekima anionyeshe njia. Nikimwambia Themba sasa, naweza kumuua angani. Nikisubiri atue nchi kavu, moyoni atakuwa ameshamwacha mke asiye na kosa. Na leo Nomvula ameniomba tukae tumwombee dua mumewe, mimi na yeye tu. Yeye hajui Kiswahili vizuri, anataka mimi ndiye niombe, yeye aitikie amina. Nikifungua mdomo, niseme nini?