Jina Ambalo Mama Hakuliita Porini

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu Wamaza, hakuna mtu aliyelala porini kwa kupenda. Siku hizi nasikia kuna watu wanaofunga hema na vyakula vya kopo, wanakwenda kulala msituni na watoto wao ili wafurahi. Sawa, kila mtu na raha yake. Sisi tulilala porini kwa sababu jua lilizama kabla njia haijaisha, tena katika nchi isiyo yetu.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji. Baba yangu alikuwa seremala. Dada yake aliolewa ng'ambo ya ziwa, Tanganyika ya Waingereza, akakaa huko bila kupata mtoto. Baba alimwahidi mmoja. Na sisi tulikuwa wawili tu, mimi na mdogo wangu Kalume, na wa kiume hatolewi. Kwa hiyo nilijua tangu tulipotoka nyumbani kwamba tunakwenda wanne na watarudi watatu. Hakuna aliyenificha, na kwa hilo nawashukuru. Nachukia kufichwa.

Tulipanda lori la pamba mpaka ziwani, tukavuka kwa meli mpaka Kigoma, baba akionyesha karatasi yake ya njia kwa kila askari aliyenyoosha mkono. Kutoka huko ilikuwa miguu. Jioni ikatukuta katikati ya miti ambayo sikuijua hata mmoja. Baba akakata matawi ya miiba akazungusha mahali pa kulala. Mama akapanga mafiga, akasonga ugali wa muhogo, akachemsha dagaa tulionunua bandarini. Nilikaa karibu na moto nikasikiliza ndege wakitafuta mahali pa kulala, na hata sauti zao zilikuwa ngeni kwangu.

"Yaya," Kalume akaniambia, maana kwetu ndivyo anavyoitwa dada mkubwa, "kule kwa shangazi iko simba?"

"Iko."

"Atakukula weye peke yako?"

"Atanikula mimi, halafu atakufuata weye mpaka Wamaza. Weye ndiyo uko na mafuta."

"Laleni," baba akasema. "Simba mwenyewe amechoka kuwasikia."

Sasa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo mtu hataelewa hasira yangu. Kwetu, watu wakilala porini, hawaondoki asubuhi hivihivi kama mbuzi. Mizigo ikishafungwa, wote wanatangulia njiani na kusimama, migongo ikielekea kambi. Mwanamke mkubwa anarudi peke yake penye majivu, anaita jina la kila aliyelala pale. Anayeitwa anajibu, "Nimetoka!" bila kugeuka. Asiyeitwa, mwili wake unaondoka lakini kivuli chake kinabaki kimekaa penye majivu, kikingoja. Na mtu hajiiti mwenyewe, isipokuwa yule mwitaji. Nyanya yangu, mama yake mama, alikuwa akitusimulia habari za mpagazi mmoja aliyesahauliwa hivyo. Alifika kwao, akala, akaongea na watu, ila hakushiba na hakucheka, mpaka ndugu zake walipomrudisha kule porini kukichukua kivuli chake. Tulimwomba nyanya aisimulie tena na tena, halafu tukaogopa kutoka nje kukojoa.

Baba alikuwa mtu wa misheni, na mambo hayo aliyaita ya washenzi. Lakini asubuhi ile alisimama njiani akaipa kambi mgongo kama sisi wengine.

Mama akarudi penye majivu. "Mulamba!" akaita. Hilo ndilo jina la baba. Siku zote alimwita Baba Feza, kwa heshima. Jina lenyewe nililisikia kinywani mwake porini tu.

"Nimetoka!" baba akajibu, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika kwa mtu asiyeamini.

"Kalume!"

"Nimetoka!"

Kisha akajiita mwenyewe, akajijibu. Mimi nilikuwa nimeshavuta pumzi. Nikasikia kikapu kinanyanyuliwa, miguu yake inakuja, akanipita.

"Mama, na mimi?"

"Twende, jua linapanda."

"Mama, hukuniita!"

"Feza, nimesema twende."

Nikakaa chini katikati ya njia. Baba akanishika mkono akaniinua kama anayeng'oa muhogo. "Mutoto huyu ana kichwa cha jiwe," akasema. Nilimtazama mama nikitaka anitazame. Alikuwa anarekebisha kata kichwani, na kata ile haikuwa na kasoro yoyote. Ningeweza kumwomba tena. Sikumwomba. Hata leo mimi siombi kitu mara mbili.

Tulifika kwa shangazi mchana. Wakapumzika, wakala, wakalala, asubuhi wakaondoka. Kalume alilia, mimi sikulia. Mama aliponishika kichwa nikakikwepesha.

Shangazi alikuwa mtu mwema, sitamsema vibaya kwa ajili ya kupamba hadithi. Alinipa kitanda, alinipa nguo, alinipa nyama kabla ya mumewe. Nilikula sikushiba. Watoto wa pale walinizunguka kisimani: "Mmanyema! Sema tena mutu! Sema iko!" Mmoja nilimpiga kwa kata ya maji mpaka ikapasuka, wakaniacha, na baada ya hapo nilikuwa peke yangu kabisa. Jioni nilifikiria majivu yale. Nilijiona nimekaa pale, mgongo umenyooka, mvua ikininyeshea, na hakuna anayepita.

Siku moja nililala mpaka jua kali. Shangazi akaja kunigusa paji la uso.

"Unaumwa wapi, mwanangu?"

"Siumwi. Mimi siko hapa."

"Haa! Sasa huyu ninayemuuliza ni nani?"

Sikumweleza. Ningemwambiaje kwamba mama alinitupa mara mbili, mara moja kwake na mara moja porini? Ya kwanza niliielewa, ilikuwa ahadi ya baba. Ya pili ilikuwa ya mama mwenyewe. Wasafiri wa kwetu walipopita wakauliza nina salamu gani, niliwaambia sina. Nilijifunza kusoma peke yangu kwa karatasi za kufungia sabuni, nikakua, nikaolewa huko huko. Watu walisema nina hasira za karibu. Ni kweli.

Kabla Wabelgiji hawajaondoka, Kalume alikuja. Alikuwa mwanaume mwenye ndevu. Alikaa, akanywa maji, akaniambia, "Mama tumemzika."

Nikachukua kikombe chake nikakiosha. Kisha nikauliza, "Aliniulizia?"

"Akuulizie kwa nini, yaya? Kwake weye ulikuwa nyumbani."

"Kalume, usinichezee. Nitakutoa nje na kilio chako."

"Sikuchezei. Hakuna aliyekuambia?"

Ndipo akanieleza. Walipotoka kwa shangazi walipita tena pale tulipolala. Ilikuwa jua la utosi, Kalume alikuwa na kiu, baba alitaka kuendelea. Mama akatua kikapu ndani ya uzio ule wa miiba. Baba akagomba: alitoa mtoto kwa dada yake mbele ya watu, na neno lake ni moja.

"Dada yako nimemupa mutoto wa kumutekea maji," mama akamjibu. "Kivuli chake hukumuahidi."

Baba akakinyanyua kikapu akakitoa mpaka njiani. "Basi mwite," akasema. "Mwite twende."

Mama akaita, "Feza!" Akangoja. Akaita tena. Kisha akatembea mkono wake mmoja ukiwa nyuma, umefunguliwa, kama anayemwongoza mtoto kwenye umati. Kalume alitaka kuushika mkono ule, akafukuzwa. Kwenye meli aliambiwa asogee, pale pana mtu. Na nyumbani, miaka yote ile, mama hakufunga mlango jioni kabla ya kuita jina langu na kungoja niingie. Majirani walizoea.

Nimelifikiria jambo hili mpaka nimezeeka. Kwanza nilikasirika upya: kwa nini hakuniambia? Neno moja tu, sikioni, pale njiani. Labda aliogopa baba angesikia akaniita yeye mwenyewe. Labda aliogopa kwamba nikijua nitageuka na kukimbia. Mimi napenda mambo yasemwe wazi, na yeye alinipenda kwa siri, hapo hatukukutana.

Sijui kama kivuli cha mtu hubaki penye majivu. Ninajua kwamba Wamaza alikuwako mtoto aliyeitwa kila jioni na mama yake, akaingizwa ndani, mlango ukafungwa. Yule hakulala peke yake hata siku moja. Aliyelala peke yake ni mimi.