Moto wa Mama na Hesabu za Nchi

Kazi yangu ni kusoma vipindi redioni hapa Mpanda, na mama yangu, anayeishi Magamba, hakosi hata kimoja. Hata nikisoma bei za mbolea, yeye anasikiliza. Hilo nilipaswa kulikumbuka kabla sijafungua mdomo.

Kipindi chenyewe kilihusu nishati. Nilieleza kwamba nchi hupimwa kwa kulinganisha nishati inayotumia na mali inayozalisha. Zipo nchi tajiri zinazopasha joto nyumba nzima, hadi vyumba visivyo na mtu, lakini kwa kuwa zinazalisha mali nyingi, kwenye hesabu zinaonekana zinatumia vizuri. Sisi tunaonekana wabadhirifu kwa sababu ya kuni. Joto jingi linapotea kwenye mafiga, na chakula kinachopikwa hapo hakiuzwi, kwa hiyo hakihesabiwi. Ningeishia hapo. Lakini mimi nikipewa kipaza sauti naota mapembe, nikawakemea kina mama wanaoacha moto unawaka bila kuzalisha kitu. Studio ilikuwa na baridi ya kiyoyozi, na nyumbani nilikuwa nimeacha friji linanguruma, ndani mna chupa za maji tu.

Jumapili nikaenda Magamba. Mama ana magoti mabovu. Kwa miaka mingi ameyakanda kwa maji ya moto kila asubuhi, la sivyo kutembea ni shida. Safari hii alikuja kunipokea akijishikilia ukutani.

"Shikamoo mama. Magoti tena?"

"Marahaba mwanangu. Yatazoea tu."

Jikoni majivu yalikuwa yamezolewa, mafiga yamepoa, kuni zimepangwa vizuri pembeni. Nikamuuliza maji ya kukanda magoti anachemshia wapi siku hizi.

"Si nyie mlisema redioni," akajibu bila lawama yoyote. "Moto ni wa anayezalisha. Mimi nazalisha nini, na shamba nimeshawaachia wadogo zako? Nasonga ugali mara moja, nazima."

Niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama. Nikamwambia nilikosea, kwamba vile ni vipimo vya nchi, si vya magoti ya mtu. Akacheka. Akasema ameshawatangazia majirani kuwa yule wa redioni ni mwanawe, na wao pia siku hizi wanazima mapema, sasa nisianze kugeuza maneno.

Nikalala huko. Asubuhi nilikuta ndoo ya maji ya moto bafuni, mvuke unapanda. Moyo ukatulia. Nikamwita aje ayakande magoti.

"Hayo ya kwako," akasema. "Wewe unaenda kazini, unazalisha. Mimi nimeshaoga ya baridi."

Niliibeba ile ndoo nikamfuata nayo hadi mlangoni kwake. Akakataa katakata. Akaniambia niwahi, maana yakipoa bila kuogwa kuni zitakuwa zimepotea bure.

Nikayaoga. Yalikuwa na joto lile lile ninalolipenda.