Fundi na Uzi wa Kijani

Mume wangu ni fundi cherehani na mtaa mzima unamwita Fundi. Mimi nami namwita hivyo hivyo, maana hata siku ya kwanza kuja kwetu alikuwa na sindano imechomekwa kwenye kola. Nikamwambia, "Wewe, utanichoma." Akajibu, "Nikikuchoma, nitakushona." Mdomo ule ndio ulioniponza.

Sasa Fundi ana ugonjwa wa kifua. Si kifua kikuu. Nalisema kabisa kwa sababu wapo wenye masikio mazito. Alikohoa mwaka mzima, akakonda mpaka suruali alizojishonea mwenyewe zikamkana. Akapewa dawa za kifua kikuu, hazikufua dafu. Ndipo daktari wa kifua, mama mmoja mwenye miwani, alipopima makohozi tena na tena akatwambia vijidudu hivi ni ukoo mmoja na vile vya kifua kikuu, ila tawi jingine. Hukaa kwenye maji na udongo, wala mtu hamwambukizi mwenzake. Dawa zake ni kadhaa, huenda pamoja, humezwa zaidi ya mwaka, na hata vikiondoka vinaweza kurudi.

"Basi ni wageni," Fundi akasema.

"Wageni gani," nikamjibu, "hata hodi hawakupiga."

Jirani yetu muuza mkaa alisikia nusu ya habari, akaanza kumtengea Fundi kikombe. Nikaenda naye kwa jirani, Fundi akanywa chai nusu, nikamnyang'anya kikombe nikamalizia mimi, nikaomba kingine. Tangu siku hiyo vikombe vya nyumba ile vimechanganyika.

Kila asubuhi Fundi hulala kifudifudi, mito chini ya tumbo, kichwa kimeinama, nami nampigapiga mgongo kwa kiganja nilichokikunja ili makohozi yalegee. Wapangaji wapya walidhani nampiga. Sikuwakatalia. Kisha vidonge, namsimamia mpaka vishuke kooni, ndiyo maana ananiita Afande. Dawa mojawapo hugeuza mkojo rangi ya chungwa. "Afande," hunipigia kelele kutoka chooni, "huku nimeshapaka rangi!"

Pumzi zikarudi, akarudi kwenye cherehani yake kibarazani. Fundi ana neno lake: uzi mzuri ni ule usioonekana. Nyuzi zake zinaning'inia ukutani kwenye misumari, na zamani aliufikia autakao bila kugeuza shingo. Lakini nikaona siku hizi ananituma. "Nipe ule."

"Upi?"

"Ule wa nguo hii. Kwani huoni?"

Nampa. Siku moja nilikuwa sokoni, mwalimu mstaafu akaja kuchukua sketi yake ya kijani. Niliporudi nilimkuta ameitandaza mezani. Pindo lote limeshonwa kwa uzi mwekundu.

"Fundi, huu ndio mtindo mpya?"

"Ndiyo, mwalimu. Wakubwa wote wanavaa hivyo."

Mwalimu akacheka. Mimi sikucheka. Fundi hutania watu, hatanii uzi. Nikamwambia mwalimu aiache, tutamwita.

Jioni nikaweka nyanya kwenye bakuli, mbichi na mbivu. "Nichagulie zilizoiva." Akazibonyeza moja moja kwa dole gumba, mjanja yule, hakukosea hata moja. Nikaenda nikaleta uzi mwekundu na wa kijani, nikaziweka mbele yake. "Haya, bonyeza na hizi."

Akazigeuzageuza. Halafu akasema, "Zote naziona kama tope."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi kidogo."

"Na mimi ukanificha?"

"Nikisema wataniondolea dawa, kifua kirudi kule. Nilikuwa sifiki chooni bila kushika ukuta, Afande. Bora nikose rangi kuliko pumzi."

"Na cherehani je?"

Alikuwa akinyofoa nyuzi za shuka, moja moja. Hapo nikaogopa kweli, maana alikuwa ameshachagua, peke yake, kimya kimya. Lakini mimi sikuolewa na nusu mtu. Nilitaka pumzi na nilitaka Fundi.

Asubuhi akasema haendi kliniki. Nikamwambia, "Sawa, nitakubeba mgongoni, mtaa uone." Akavaa viatu.

Nilimtandazia daktari sketi ya mwalimu mezani. Akaitazama, akamtazama Fundi, akafungua kitabu chenye vidoa vya rangi ambavyo ndani yake mna namba. Fundi aliona vidoa tu.

"Si nilikuambia dawa moja inaweza kugusa macho, ukiona badiliko uje siku ile ile?"

"Uliniambia, daktari," Fundi akasema. "Nikasahau makusudi."

Dawa ile akaisimamisha palepale, akaweka nyingine mahali pake ili kifua kisiachwe peke yake, akatupeleka na kwa daktari wa macho. Rangi zinaweza kurudi, akasema, ila hakuahidi.

Fundi akataka kufunga kazi. Nikafunga mafundo mimi: kwenye ncha ya uzi mwekundu fundo moja, kwenye wa kijani mawili.

"Ndiyo nimekuwa kipofu, nipapase?"

"Umekuwa mume wangu. Papasa."

Akapapasa, akashona. Sketi ya mwalimu tu ndiyo ambayo hakuigusa. "Hiyo nitaishona nikiiona," akasema, ikabaki msumarini miezi na miezi, na mwalimu, Mungu ambariki, hakuiulizia.

Halafu siku moja nikamwona anachukua nyanya mbivu bakulini bila kuibonyeza. Nikajikausha. Kesho yake, kabla hajakaa kwenye cherehani, nikayafungua mafundo nikayafunga kinyume.

Akashusha sketi mwenyewe. Akapapasa ukutani, akapata mafundo mawili, akauvuta uzi mpaka kwenye sindano. Akasimama hapo.

"Afande."

"Abee."

"Umezeeka sasa. Umekosea mafundo."

"Sijakosea. Huo wa kijani."

"Kijani wapi! Mwekundu huu, kama macho yako ukinuna."

Nikainama chini ya meza kutafuta mkasi. Mkasi ulikuwa mkononi mwangu. Juu yangu nikamsikia anaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, maana kifua bado kipo na makohozi bado yanapimwa. Nikainuka, nikakunja kiganja, nikampigapiga mgongo pale pale kibarazani, watu wakipita.

"Taratibu," akasema, "nitakosea pindo."

Mkononi alikuwa ameshashika ule wa kijani.