Mkono wa Mkuu Ukutani

Kazini walimwita Bi Chupa. Mgeni akilisikia jina hilo alidhani ni mlevi, kumbe chupa zenyewe ni za maji ya bomba. Kila asubuhi alizunguka mitaani na mkoba wake, akakinga maji kwenye mabomba ya watu, akafunga vizibo, kisha akarudi maabara ya idara ya maji kuyapima. Maji ni kiumbe wa ajabu. Yanaweza kuwa maangavu kama kioo na yakakulaza kitandani wiki nzima, na mengine yana rangi ya kutu wala hayana neno. La maji Bi Chupa alilijua vizuri. La watu lilimpita kando.

Alikuwa na hamu moja tu duniani, kusoma shahada ya uzamili. Chuo kimoja cha mbali kilitoa nafasi moja, gharama zote juu yao, kwa mhitimu wa kile chuo alichosoma yeye, mradi awe hajavuka miaka thelathini. Bi Chupa alikuwa anaitimiza mwaka ule. Akikosa, basi tena. Barua mbili za kumpendekeza zilitakiwa. Ya kazini bosi wake aliiandika siku ile ile, maana alikuwa mtu wa moyo mweupe. Ya pili ilitakiwa itoke kwa mwalimu aliyemfundisha, na hapo ndipo palipomshinda.

Mwalimu aliyemjua barabara alikuwa mmoja, yule wanafunzi waliyemwita Kalamu Nyekundu. Mtu mkavu, shati lilelile, salamu ya kuhesabu. Ndiye aliyesimamia utafiti wake wa visima, akamrudishia kazi mara tatu, kurasa zote zimevuja damu. Pembeni mwa ukurasa mmoja aliandika: "Unajua zaidi ya hiki ulichoandika. Rudia." Bi Chupa alilia siku ile, na tangu hapo akaamini kwamba mtu yule hampendi.

Sasa nyumbani kwao, sebuleni juu ya redio, palikuwa na picha kubwa ya siku ya mahafali. Bi Chupa kavaa joho, na mkuu wa kitivo, tabasamu mpaka masikioni, kamshika mkono. Mama yake aliipangusa kila Jumamosi. Mjomba wake, mshona viatu mwenye maneno mengi kuliko viatu, aliposikia habari ya barua aliinua kidole kuelekea ukutani.

"Wewe unahangaika na nini, mwanangu? Mtu wako si huyo hapo? Mtu hakushiki mkono hivi kama hakujui."

Bi Chupa alijua kwamba siku ile mkuu aliwashika mkono watu mia tatu. Alijua. Lakini mtu akitaka kudanganyika hakosi wa kumsaidia, na mama naye alikuwa anamtazama kwa matumaini. Akasema ndiyo.

Mkuu alimpokea vizuri mno. Alimwita binti yangu, akamwambia anamkumbuka sana, akamuuliza habari za masomo ya uchumi. Bi Chupa akamweleza kwa adabu kwamba yeye alisomea maji. Mkuu akacheka, akasema yote ni elimu, kisha akamwagiza akaiandike barua hiyo mwenyewe, ailete, yeye ataipitia na kuituma. Bi Chupa akaketi nyumbani kujisifu. Jaribu siku moja uone kazi yake. Mtu aliyelelewa asijisifu hushikwa na haya hata mbele ya karatasi. Hata hivyo aliandika, akapeleka, akaambiwa arudi. Akarudi. Mkuu yuko kikaoni. Akarudi tena. Mkuu amesafiri. Akufukuzaye hakwambii toka, lakini Bi Chupa aliendelea kukaa kwenye benchi la korido mpaka katibu muhtasi, mama mtu mzima, akamwonea huruma. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba barua kama yake ziko nyingi ndani, na asipokuja mtu mzito kumkumbusha mkuu, huwa zinazeekea mezani.

Zilikuwa zimebaki siku chache. Bi Chupa akapiga moyo konde, akaenda kwa Kalamu Nyekundu.

Alimkuta ofisini kwake, chumba chembamba chenye viti viwili. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Umeanzia kwa mkuu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Mwenzako alikuja mwezi uliopita. Yule mliyepima naye visima. Anaomba nafasi hiyo hiyo. Fomu yao ina swali moja baya. Wanauliza, katika wote uliowafundisha, huyu ni wa ngapi? Nilimwambia wa kwanza ni wewe. Akasema hajasikia kwamba unaomba. Nikangoja wiki nzima. Halafu nikamwandika yeye wa kwanza."

Bi Chupa alitazama mikono yake.

"Na mimi utaniandika wa ngapi?"

"Nitaandika wa pili. Wanaosoma ni walewale. Siwezi kuwa na wa kwanza wawili."

Hapo yaliyolala miaka yote yakaamka. Bi Chupa hakupaza sauti, maana hakulelewa hivyo, lakini alimtazama usoni.

"Mwalimu, miaka mitatu hukuniambia neno jema hata moja. Ningejuaje?"

Mzee yule aliifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Nilidhani ule wino unatosha," akasema.

Aliandika kurasa mbili usiku uleule na kuzituma, na watu wa chuo kile walipomjibu Bi Chupa walisema hawajawahi kusoma sifa kama zile za mtu wa pili. Mwenzake ndiye aliyekwenda. Alipita kuaga, wakakumbatiana, na Bi Chupa akamtakia heri kwa meno.

Barua ya mkuu nayo ilitoka, mlango wa maombi ukiwa umekwisha fungwa. Mkuu aliitia sahihi, na kwa kuwa ni mtu mkarimu aliongeza mstari wake mwenyewe, kwamba binti huyu ni hodari wa uchumi. Mjomba aliisoma kwa sauti sebuleni, akashauri itiwe fremu ikae chini ya picha. Kitu chenye sahihi ya mkubwa, alisema, hakitupwi.

Mama alingoja mjomba aondoke.

"Kwa hiyo aliyekupenda ni yule mkali?"

Bi Chupa alikuwa ameinama anasuuza chupa za kesho. Alizipindua moja moja juu ya kitambaa, zikachuruzika.

"Jumamosi, mama," akasema, "usiipanguse tena ile picha."

Jumamosi mama aliipangusa. Mazoea yana taabu. Ila safari hii alianzia na kuishia upande wa binti yake, na ule mkono wa mkuu akauacha na vumbi lake.